Asante mama wa Nansio

Juzi jioni nilikuwa Kirumba Mwaloni, soko la samaki jijini Mwanza, kelele za wapakiaji dagaa kila upande, nikimtumia mdogo wangu Sh180,000 za ada kwa simu. Nikakosea tarakimu moja ya namba yake. Jina la mpokeaji lilitokea, sikulisoma. Nikabonyeza tu, hela ikaenda.

Kabla sijajua hata nianzie wapi, simu ikaita. Sauti ya mama mtu mzima: "Mwanangu, kuna hela imeingia kwangu. Ni yako?"

Hakurudisha papo hapo, na alifanya vyema, maana matapeli nao hujifanya wamekosea namba. Aliniuliza kiasi, saa niliyotuma na jina nililosajilia laini. Akalinganisha na ujumbe wake. Ndipo akarudisha yote, na makato ya kutuma akayabeba yeye. Nilipotaka kumtumia ya soda akakataa: "Kalipe ada ya mtoto." Nilichojua ni kwamba yuko Nansio, kisiwani Ukerewe, basi.

Mama, wema wako nauhifadhi moyoni. Shikamoo, na asante sana. Nanyi ndugu zangu, ikiingia hela msiyoitarajia, ulizeni kama alivyouliza yeye, kisha rudisheni. Mdogo wangu leo yuko darasani.