Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Nisomeshe, au nifunike kitabu?

Kwa Mheshimiwa Waziri,

Assalamu alaikum, na kwa asiyekuwa Muislamu, salamu za heri.

Nimeandika "Waziri" bila kutaja wizara, na naomba radhi kwa utovu huo wa adabu. Si kwamba sizijui wizara. Jambo langu ni hili: mwalimu wa dini akiulizwa na mtoto kuhusu mwili wake, sheria inamruhusu kumjibu? Mlango wa kwanza niliobisha niliambiwa jambo langu ni la watoto. Wa pili nikaambiwa ni la afya. Wa tatu nikaambiwa chuo cha Kurani si shule, nende kwa mashekhe. Na mashekhe, Mungu awaweke, wakaniambia hayo ni mambo ya serikali. Basi barua hii ni ya yeyote kati yenu atakayekubali kwamba mimi ni wake.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Likoni, Mombasa, ng'ambo ya kivuko. Huu ni mwaka wa 19 nikisomesha wasichana. Kazi yangu ni Kurani, fiqhi (yaani sheria za dini) na adabu, lakini mtoto wa kike akishabaleghe na mambo yakamzonga kichwani, anakuja kwa ustadha, mwalimu wake wa kike. Zamani alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa wa kumfunda. Nyanya yangu alikuwa somo wa wasichana wengi mtaani, na hakuna hata mmoja aliyeingia ukubwani bila kuelezwa mwili wake ulivyo na wanaume walivyo. Masomo wa aina hiyo tumewazika. Waliobaki hukodiwa siku ya harusi, na siku hizo mara nyingi bi harusi ndiye anayeweza kumsomesha somo.

Niwaeleze na jambo jingine, maana naona wengi mnadhani haya tumeyaleta juzi. Kitabu cha kwanza cha fiqhi anachofunguliwa mtoto hapa kwetu, akiwa na miaka 9 au 10, kina alama za kubaleghe: kutimiza miaka 15, kuota, na kwa msichana kuona hedhi kuanzia miaka 9. Kisha zinakuja janaba, nifasi na kuoga kwake. Watoto huyasoma kwa sauti, wote pamoja, na wazazi wakipita njiani husema mashallah. Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliwasifu wanawake wa Kiansari wa Madina kwa kuwa kuona haya hakukuwazuia kuijua dini yao. Kwa hiyo kusoma hakuna anayetukataza. Matata huanza mtoto anapoacha kusoma akauliza.

Wiki tatu zilizopita, baada ya alasiri, watoto walikuwa wameshatawanyika nami nakunja majamvi. Binti mmoja wa miaka 15 alibaki. Alishika ncha ya pili ya jamvi, tukakunja pamoja, tukakunja la pili, la tatu, hasemi kitu. La mwisho likiwa bado mikononi mwetu akaniuliza: "Ustadha, mtu asipoona siku zake miezi miwili, sala yake inakuwaje?"

Mheshimiwa, hilo ni swali la fiqhi. Jibu lake ni fupi: anasali kama kawaida. Ningeweza kumjibu hivyo, nikachukua mtandio wangu nikaenda zangu kukanda unga wa mahamri ya kesho, na leo ningekuwa na wanafunzi wangu wote. Lakini mimi ni mama, na niliiona mikono yake. Nikaliweka jamvi chini, nikamwambia kaa. Nikamuuliza kama kuna mtu aliyemgusa. Hakujibu, akalia. Sikumuuliza zaidi, kwa sababu hilo nalijua bila kufundishwa, kwamba mtoto hapekuliwi. Nilimwambia mambo matatu tu: kwamba hana kosa kwa kuniuliza, kwamba asinywe kitu chochote atakachopewa na wenzake, na kwamba kesho yake twende zahanati pamoja.

Tulienda. Muuguzi alikuwa mpole lakini akasema mlete mzazi. Nikamfuata mama yake. Mama akamwambia baba. Kufikia magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba ustadha anawafundisha watoto uchafu.

Siku ya tatu niliitwa kituo cha polisi kuandikisha taarifa. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane, mwanamke wa miaka 47, nimevaa buibui langu la Ijumaa, kati ya kijana aliyeshikwa na bangi na mzee aliyeibiwa mbuzi. Walipita wanafunzi wangu wa zamani, wengine wameshaolewa, wakaniamkia wakiangalia chini.

Afisa aliyenihoji hakuwa mbaya. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Una leseni ya ushauri nasaha?" Akaniambia kuna sheria ya mwaka 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, kwamba kazi hiyo inataka kusajiliwa na bodi. Nikamwambia mimi nasomesha chuo. Akasema, lakini ulimshauri. Kisha akafungua simu akanisomea Sheria ya Watoto ya 2022, pale inaposema kwamba huduma za afya ya uzazi kwa mtoto zitatolewa kwa idhini ya wazi ya mzazi au mlezi. Nikamuuliza kwa heshima: kumjibu mtoto ni huduma? Akaitazama tena ile simu, akaipandisha na kuishusha kwa kidole, akasema, "Mama, hapo sheria haijafafanua."

Haijafafanua. Neno hilo nimelala nalo wiki tatu.

Kuna sheria nyingine ambayo hakunisomea, nikaenda kusomewa na mpwa wangu aliye chuo kikuu. Ni ile ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006. Anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hukumu yake haipungui miaka 20 jela. Basi kama yule binti ana mimba kweli, na mpaka leo sijui, kuna mtu hapa hapa mtaani anayetakiwa kuhesabu miaka 20. Huyo hajaitwa. Hajakalia benchi. Pengine alinipita asubuhi ile akielekea kwenye feri, akaniambia shikamoo. Binti mwenyewe ametolewa chuoni, nasikia na shuleni pia, amepelekwa kwa jamaa zao mbali. Nimeuliza wapi, nimeambiwa nishike yangu.

Nami yangu ndiyo haya. Nilikuwa na wasichana 34. Sasa wapo 11, na katika hao 3 ni wa ndugu yangu. Ada ya mtoto mmoja ni shilingi 200 kwa mwezi, wengine hawalipi kabisa na sikuwahi kumfukuza mtu. Fanyeni hesabu wenyewe, nyie mna mashine za kuhesabia. Mahamri nayo hayanunuliwi kama zamani, kana kwamba uchafu unaingia kwenye unga. Mwenye nyumba ya chuo ameniuliza mara mbili kama "lile jambo limekwisha". Mume wangu hasemi kitu. Tangu mambo haya yaanze anakwenda kusali msikiti wa mbali.

Sasa mnielewe vizuri, sisemi watu wa dini tuachiwe watoto tufanye tutakavyo. Mimi ni mtu wa Pwani. Shakahola iko Kilifi, haiko mwezini. Mwaka 2023 tuliona maiti zikifukuliwa msituni, zikapita 400, na wengi walifika kule kwa kumsikiliza mtu mmoja mwenye Biblia aliyewaambia wafunge mpaka kufa. Na sisi wenye Kurani tusijifanye malaika, maana wapo walimu wa vyuo waliowaharibu watoto waliokabidhiwa, na ndugu zao wakasema yaishe nyumbani. Serikali iliunda jopo la kutazama sheria za mashirika ya dini, likaongozwa na Mchungaji Mutava Musyimi, na ripoti ikakabidhiwa Rais 2024. Mimi nilifurahi. Nilisema sasa tutawekewa mipaka. Niwekeeni! Niambieni nisikae na mtoto chumba kilichofungwa mlango. Mimi sikai. Niambieni nisimuulize mtoto mambo ya kina yanayomwumiza. Simuulizi. Niambieni akinitajia aliyemdhuru nipige simu 116, ile ya kuripoti dhuluma za watoto. Nitapiga saa hiyo hiyo.

Lakini tazameni mpaka wenu ulipo sasa. Mwaka jana mama mmoja aliniletea mwanawe wa kiume, miaka 14, kwa kuwa anatembea kama msichana na wenzake wanamwita majina. Alitaka nimsomee atoke jini. Simsomeshi mvulana mkubwa, na sikuona jini. Niliona mtoto aliyechoka, nikampa uji, nikamwambia mama amwache apumue. Mama hakuridhika, akampeleka kwa bwana mmoja mtaa wa pili anayesoma na bakora mkononi. Yule kijana alirudi na mistari mgongoni. Bwana huyo hajaulizwa leseni hata siku moja. Kwa nini? Kwa sababu yeye hazungumzi na watoto. Anapiga tu. Kwa mujibu wa mambo yalivyo, mwenye hatari ni anayefungua mdomo.

Na hiyo idhini ya mzazi. Mimi ni mzazi, nina wanne, siwezi kusema mzazi asijue. Huyu binti nilimfuata mama yake mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Lakini sheria imemdhania kila mzazi mwema. Siku mtoto atakapokuja kuniambia aliyemgusa ni baba, au mjomba anayelala chumba cha mbele, idhini nikaombe kwa nani? Kwa yeye? Nipige hodi niseme, "Samahani, naomba idhini ya wazi"? Nani aliandika hapo bila kumfikiria mtoto huyo? Pengine kuna kifungu kinachojibu. Basi nionyesheni kwa Kiswahili, maana yule afisa wenu hakukiona na simu anayo.

Mheshimiwa, si kwamba hamkujua. Desemba 2013 mawaziri wa afya na wa elimu wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, Kenya ikiwemo, walitia sahihi Cape Town kwamba vijana watapewa elimu na huduma za mambo haya. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ukaonyesha asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wamewahi kushika mimba. Na kiasi cha mwaka mmoja uliopita, sisi walimu wa vyuo na wahubiri vijana tuliitwa semina ya siku mbili, tukalishwa pilau na kuku, tukaambiwa na afisa mmoja, alisimama akaapa, kwamba mwongozo wa viongozi wa dini utatufikia ndani ya siku 90. Tulipewa na fulana. Siku 90 zimepita mara nne. Fulana yenyewe ilichujuka, sasa nafutia meza ya mahamri. Ni pamba nzuri, sikatai.

Dhana yangu, na mnisamehe nikikosea, ni kwamba hamjachelewa ila mnaogopa. Mkiandika "mwalimu wa dini azungumze na watoto", mimbari zitawaka Ijumaa na Jumapili. Mkiandika "asizungumze", wafadhili watawauliza. Uchaguzi nao hauko mbali. Kwa hiyo mmeona bora kalamu ilale, na kila mmoja wetu apambane na afisa atakayemkuta kituoni siku hiyo na simu yake.

Sikuomba ofisi, wala posho. Wala sikuomba semina nyingine, tafadhali sana, msituletee semina. Naomba karatasi moja. Ukurasa mmoja, wenye mhuri, kwa Kiswahili, unijibu haya: mtoto akiniuliza kuhusu mwili wake, kumjibu ni huduma au si huduma? Mwalimu wa chuo, padri, mchungaji, wa Sunday school, wanahesabiwa washauri nasaha wa kupata leseni au la, na kama ndiyo, leseni hiyo mtu wa shilingi 200 anaipataje? Mtoto akiwa hana mzazi wa kuaminika, idhini ni ya nani? Hayo tu. Hata mkiniambia nikae kimya, niandikieni nikae kimya, nikiulizwa na Mungu niwe na cha kuonyesha. Karatasi moja, Mheshimiwa.

Nayo ni ya haraka. Jumamosi hii saa mbili asubuhi nina wale wasichana 11, na tumefika mlango wa hedhi na twahara. Mkubwa wao ana miaka 14. Juzi, tukiwa tunatoka, alinivuta mkono akasema, "Ustadha, mimi nina swali, lakini nitauliza tukifika pale." Nikamwambia sawa. Sasa sijui nitafanyaje tukifika pale.

Niliyeandika,
Mwalimu wa chuo, Likoni