Iddi ya Mfungo Tatu, Kusi Ikivuma: Salamu kutoka Malindi

Assalaam aleikum ndugu, jamaa na majirani, mlioko Malindi na mlioko mbali. Iddi Mubarak. Mola azitakabali dhabihu zenu na saumu ya Arafa, na mahujaji wetu awarudishe salama.

Mwaka huu Iddi imetukuta kusi imeshika. Bahari imechafuka, mto Sabaki umemwaga udongo wake mpaka maji ya ufuoni yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, na mwani umerundikana pwani. Hoteli nyingi zimefungwa tangu Pasaka ipite. Madereva wa tuktuk wanasinzia kwenye viti vya nyuma, na zile "ciao" za kusalimiana na Waitaliano barabarani zimeadimika. Wageni hawatatujaa tena mpaka Agosti, Waitaliano wakienda likizo, kisha Desemba.

Mji huu umeishi kwa misimu kabla hata ya hoteli. Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Vasco da Gama mwenyewe aliondoka hapa Aprili 1498, na Mei upepo ukamfikisha Calicut. Siku hizi, hata hivyo, karibu kila nyumba ina mtu anayekula kwa msimu: mpishi, mfua mashuka, mchonga vinyago, kijana wa bichi. Msimu ukikatika, daftari la deni la mwenye duka linanenepa. Mwaka 2020, wakati wa korona, tuliyaona. Machi ndege za kimataifa zilisimamishwa, Aprili kaunti yetu nzima ya Kilifi ikazuiwa watu kuingia na kutoka, na Iddi Kubwa ikaangukia Julai 31, siku moja kabla ya ndege hizo kuruhusiwa tena.

Pamoja na hayo, mimi Iddi ya kusi naipenda, wenye hoteli mniwie radhi. Iddi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ndiyo maana mwaka 2007 na 2008 Mfungo Tatu ilituangukia Desemba, msimu umepamba moto. Nani alipewa ruhusa? Vijana walisali mbiombio wakakimbilia kazini, na pilau yao ikawangoja kwenye hotipoti hadi usiku wa manane. Mwaka huu mtu anaswali, anazuru makaburi, anaingia nyumba kwa nyumba kutoa mkono wa Iddi, na hakuna meneja wa kumpigia simu. Tuufaidi wakati huu, kwa sababu miaka si mingi Iddi itaingia Aprili, kisha Machi, na kule tena ni kuombana ruhusa.

Tatizo ni kwamba mwenye nafasi hana hela. Kwa hiyo nawaomba mnaochinja: fungu la wahitaji lisiishie kwa wale tuliozoea kuwapelekea kila mwaka. Kuna baba aliyerudishwa nyumbani Aprili bila mshahara, shati lake limepigwa pasi, na haya zinamzuia kunyoosha mkono. Mpelekeeni kama jirani, mtoto abebe sahani iliyofunikwa, wala msiulize kitu. Na jirani Mgiriama ambaye Krismasi hutuletea soda na kuku, zamu yetu imefika.

Mlioko Dubai, Doha na Milano, tunajua kwenu leo huenda ni siku ya kazi. Hela mliyotuma imefika na mbuzi kapatikana, ingawa bei ya mbuzi wiki hii tusiizungumze.

Salamu za mwisho ni kwa walinzi wa majumba ya wageni, mnaolinda mabwawa ya kuogelea yasiyoogelewa na mtu. Kusi kwenu si likizo. Biriani yenu inaletwa na bodaboda baada ya alasiri, kwa hiyo akipiga honi mfungulieni geti, na mwenye zamu ya usiku awekewe yake.

Iddi Mubarak, kila mwaka na nyinyi mko salama.