Zamu ya wiki hii: maneno ya woga

Habari zenu wanakikundi. Wiki hii tunabuni maneno ya woga, kanuni ni ileile: neno la Kiingereza lenye asili ya Kigermanik (familia ya lugha yenye Kiingereza na Kijerumani) linatoka, la mzizi wa Kilatini linaingia. Basi "fear", "dread" na "fright" yaondoke, pamoja na "scare" lililotoka Kinorse cha kale (lugha ya zamani ya Skandinavia). "Terror" na "horror" tayari ni Kilatini, msihangaike nayo. (Horrere ni kusimama nywele, kama sisi tunavyosema nywele zimenisimama!)

Mizizi ya Kilatini yenye maana ya woga tunayo: timor, metus, pavor, formido. Mimi naanza na "metuous" badala ya "fearful". Najua linafanana na "meticulous", na si bure: hilo nalo limetoka kwenye metus, zamani lilimaanisha mwoga kabla halijawa la mtu makini kupita kiasi. Kwa "fearless" bado nimekwama. "Impavid" lipo tayari kwenye kamusi, kwa hiyo halihesabiki.

Aliyeleta "phobia" na "panic" jana, nimeyafuta, usininunie. Hayo ni Kigiriki.

Kila mtu maneno mawili na sentensi moja ya mfano, kabla ya Ijumaa usiku. Sauti sisikilizi, andikeni.