Rejesho la mkopo wa kijana lisitangulie mauzo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu programu zinazowapa vijana wasio na uwezo mafunzo ya biashara pamoja na mikopo midogo. Naziunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kijana asiye na hati wala mali ya kuweka dhamana hana mlango mwingine wa kubisha. Kinachonisikitisha ni ratiba ya marejesho.

Tuchukue mfano wa binti aliyehitimu ushonaji, akakopeshwa cherehani na fedha kidogo za vitambaa. Wiki moja tu baadaye anadaiwa rejesho la kwanza, wakati gauni la kwanza alilolikata bado liko mezani na hajapata mteja wa kudumu. Analipa kwa kuchota katika fedha zile zile za vitambaa. Likifika rejesho la nne, cherehani ipo lakini hakuna cha kushona, na wanakikundi waliomdhamini wanamwona mzembe, ilhali mtaji wake umemalizwa na ratiba.

Utafiti uliofanyika Kolkata, India, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwalinganisha wakopaji walioanza kulipa baada ya wiki mbili na wale walioanza baada ya miezi miwili. Waliopewa muda mrefu waliwekeza zaidi katika biashara zao, na miaka kadhaa baadaye faida yao ilikuwa kubwa zaidi. Ni kweli kwamba miongoni mwao walioshindwa kulipa waliongezeka pia, na mkopeshaji ana haki ya kulihofia jambo hilo; lakini mfuko ulioanzishwa kwa lengo la kuwainua vijana, kwa maoni yangu, unapaswa kuibeba hasara hiyo kama sehemu ya kazi yake.

Mafunzo nayo yasiishie kwenye daftari la mapato na matumizi. Nchini Togo, utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kujituma, kubuni na kutafuta fursa wenyewe waliongeza faida kwa takriban asilimia 30, kiwango ambacho mafunzo ya kawaida ya biashara hayakukifikia.

Lipo pia suala la riba, ambalo vijana wengi hawaelezwi. Riba ya asilimia 20 kwa mwaka, ikikokotolewa juu ya mkopo wote wa awali huku kijana akirejesha kila mwezi, ni sawa na takriban asilimia 35 ikikokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani deni linalobaki baada ya kila rejesho.

Nawaomba wasimamizi wa mifuko hii waandike kwenye mkataba riba ya salio, kwa lugha anayoielewa mkopaji, na rejesho la kwanza walipange mwezi wa tatu tangu mkopo utolewe, baada ya mwalimu kumtembelea kijana mahali pake pa kazi na kuona kama ameanza kuuza.

Wako mtiifu,
Msomaji