Kitako cha bunduki ya Mjerumani: kabla hujatoa hela, angalia ndani

Wateja wametuuliza sana hili swali kwa hiyo naliandika hapa. Mtu kapata kitako cha bunduki ya zamani, labda kimebaki kwa babu kule Nyangao au kaletewa na wale wanaozungusha vitu vya kale hapa Mikindani, kaambiwa ni cha Mjerumani, anataka kujua ni orijino au feki.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita kweli huku kwetu kusini. Mahiwa, Mjerumani na Mwingereza walipigana Oktoba 1917, na kabla ya hapo, Machi 1916, meli ya Kijerumani ya Marie iliingia ghuba ya Sudi ikashusha silaha za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, kwa hiyo kukuta kipande cha bunduki kijijini sio ajabu, na ndo maana feki nazo zinauzika.

Wengi wanakimbilia muhuri. Muhuri uangalie mwisho kabisa, maana kugonga tai kwenye mbao fundi yeyote anaweza. Geuza kitako uangalie pale chuma kilipokuwa kimekaa. Cha kiwandani kimechimbwa kwa mashine, kingo zimenyooka, na chuma kikikaa miaka mingi mbao inakuwa nyeusi pale pale zilipogusana, mafuta ya bunduki nayo yamezama mpaka ndani. Feki nje imepakwa kiwi ikaonekana ya kale, ndani mbao bado nyeupe na mikwaruzo ya grinda unaiona. Matundu ya wadudu pia, ya kweli yanapinda yakiingia ndani, ya drili yananyooka.

Halafu umbo. Bunduki ya Mauser ya Mjerumani, hiyo Gewehr 98 na hata ile ya 1871 ambayo askari wengi wa huku walianza nayo vita, mbao yake ni moja kuanzia nyuma mpaka mbele. Bunduki ya Lee-Enfield ya Mwingereza ina vipande viwili, kitako kiko peke yake kimekazwa na bolti ndefu inayopita ndani kwa ndani. Sasa mtu akikuuzia kitako kifupi chenye tundu hilo refu akasema cha Mjerumani, hapo kitu kinaweza kuwa cha zamani kweli ila jina sio lake.

Mbao za viwanda vya Ulaya wakati ule zilikuwa hasa walnati, mti wa huko kwao. Ukikuta mninga, hakijatoka huko. Lakini jamani mninga sio feki moja kwa moja, na hapa ndo watu wanatupa vitu vya maana! Kuna kimoja kililetwa karakana, cha ajabu ajabu, shingo imezungushiwa waya wa shaba, upande wa shavu umelainika kwa kushikwa, mwenyewe keshakata tamaa anasema kapigwa. Tulipokigeuza, mfereji ni wa duara wa kulaza bomba, kile chuma cha kuvuta nyuma na mbele cha kupakia risasi hakina pa kukaa, alama za patasi ya mkono kila mahali na weusi wa chuma umeingia haswa. Hicho ni cha gobole la mwindaji, bunduki ya kushindilia baruti kwa mbele, kazi ya fundi wa huku huku, orijino kabisa kwa kile kilicho. Bei ya Mauser hakipati ila mimi nisingekiuza.

Skrubu za nyota zimeanza miaka ya 1930, ukiziona kwenye kitu cha 1917 ujue zimebadilishwa au kitu chenyewe ni kipya, chungulia kama kuna tundu la zamani pembeni.

Sisi tunapima mbao tu. Kama bado kina mtutu au chuma chochote cha kufyatulia usituletee, nenda polisi kwanza, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haijali kama ni urithi wa babu. Kwa kitako kitupu tutumie picha watsapu, za ndani zikiwa nyingi kuliko za nje, upige mchana juani bila flashi. Na tafadhali usikisugue msasa wala kukipaka vanishi kabla hatujakiona, kuna watu wanakuja nacho kinang'aa na ushahidi wote umeshaondoka na vumbi.