Meza yako ya redi oki haijaoza: tuongee kuhusu madoa meusi, vinyweleo na vinia yenyewe

Kuna simu moja tunaipokea mara kwa mara mpaka tumeizoea. Fundi, ile meza mliyonitengenezea imeoza. Alafu inafuata picha, na kwenye picha kuna duara jeusi, jeusi la wino kabisa, pale palipokuwa pamekaa kopo la maua. Mwenye meza kakasirika na simlaumu hata kidogo, mtu katoa hela yake akaambiwa ni mbao nzuri, leo anaona kitu kama kovu katikati ya sebule.

Sasa meza haijaoza, na vinia haijawa feki. Ile ni redi oki inafanya kile ambacho redi oki hufanya siku zote, na kosa letu sisi mafundi ni kwamba huwa hatusemi mapema, tunasubiri mpaka doa litokee ndo tunaanza kujieleza. Kwa hiyo leo nasema mapema.

Redi oki, au mwaloni mwekundu kwa Kiswahili cha vitabuni, ni mti wa mashariki ya Amerika Kaskazini, Marekani na Kanada, jina lake la kitaalamu ni Quercus rubra, ingawa kwenye biashara ya mbao jina hilo hilo linabeba na ndugu zake kadhaa wanaofanana sana ukishawapasua. Vinia ni ngozi tu ya mbao hiyo. Gogo linapikwa kwanza kwenye maji ya moto au mvuke mpaka lilainike, alafu kisu kirefu kinalichana shiti baada ya shiti, kila moja unene wa kama nusu milimita mpaka 0.6, yaani karatasi za kawaida kama tano au sita ukizibana pamoja. Hiyo ngozi ndo inagundishwa juu ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa na gundi) au plaiwudi. Ni mbao halisi, sio picha ya mbao, hilo watu wengi wanachanganya na yale makaratasi yaliyochapwa mistari. Kile kibao cha picha ukikimwagia maji wala hakijali sana, vinia inajali, kwa sababu bado ni mti.

Na huu mti una kiu. Tunao mchezo mmoja tunapenda kuwaonyesha wateja pale karakana. Unachukua kijiti cha redi oki ya mbao nzima (vinia haifai kwa hili), urefu kama wa kidole, kilichokatwa kufuata nyuzi, unachovya ncha moja kwenye glasi ya maji na nyingine unaweka mdomoni unapuliza. Mapovu yanatoka. Kweli kabisa, yanatoka, kama unapuliza mrija. Vile vimistari vyeusi vyeusi unavyoviona juu ya meza yako ni mirija hiyo, imekatwa kwa urefu ikabaki wazi. Chukua kijiti cha mwaloni mweupe ufanye vile vile, utapuliza mpaka macho yakutoke na hakuna kitu, kwa sababu ule mweupe mirija yake huzibwa na mti wenyewe ukiwa bado umesimama. Ndo maana mapipa ya kuhifadhia mvinyo hutengenezwa kwa mweupe, pipa la mwekundu lingevuja.

Ukishaelewa hiyo mirija, malalamiko karibu yote ya redi oki yanajieleza yenyewe. Maji yanaingia haraka. Rangi inaingia haraka. Hata gundi kutoka chini inaweza kupanda juu kupitia humo humo ikatokeza usoni kama vidoti vinavyong'aa, na pale rangi haishiki.

Turudi kwenye doa. Mialoni yote ina tanini, kile kitu kinachokukausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini ikikutana na chuma na unyevunyevu inageuka nyeusi. Wino wa zamani wa Ulaya ulipikwa hivo hivo, vinundu vinavyoota kwenye mialoni vikachanganywa na chumvi ya chuma, kwa hiyo ukisema meza yako ina doa la wino umepatia kuliko unavyojua. Kopo la maua lilikuwa na kitako cha bati, maji yakavuja kidogo kidogo, vanishi ilikuwa imechoka pale, chuma kikashuka na maji mpaka kwenye mbao. Wiki moja inatosha, saa ingine hata usiku mmoja.

Hapa nikupe njia ya kupima kabla hujapiga simu. Duara likiwa jeupe, kama ukungu, hilo liko kwenye vanishi tu, ni unyevu umenaswa ndani yake kutokana na kikombe cha moto au glasi ya baridi, na mara nyingi linapungua lenyewe likiachwa likauke. Likiwa jeusi au la bluu ya kijivu limeshafika kwenye mbao, na hilo halifutiki kwa kitambaa hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Tafadhali usisugue. Na usichukue msasa! Una nusu milimita tu pale, na sehemu yake tulishaipunguza sisi wakati wa kulainisha. Mteja mmoja alisugua doa la ukubwa wa sarafu akalimaliza, kweli limeisha, ila badala yake kukawa na dirisha la MDF la kahawia ukubwa wa sahani. Doa tungelitoa. Dirisha hatuwezi, pale ni kubandua na kubandika upya.

Linavyotolewa ni hivi: vanishi ya eneo hilo inaondolewa taratibu, alafu inapakwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, inaachwa, doa linapauka mbele ya macho yako, alafu inasafishwa vizuri kwa maji machache machache maana maji mengi yatainua vinia. Tunapaka uso mzima wa meza, sio doa peke yake, la sivyo unabaki na baka jeupe palipokuwa na baka jeusi. Hiyo asidi ni sumu, inataka glovu na miwani, na vumbi lake likikauka linachoma pua na koo, ndo maana kazi hii tunapenda uilete kwetu kuliko kuifanya jikoni na watoto wanapita.

Na sisi wenyewe tumeshaungua na hili, sio wateja tu. Kuna milango ya kabati tuliilainisha kwa stilwulu, yale manyoya ya chuma ya kusugulia, safi kabisa, tukapuliza vumbi, tukapaka vanishi ya maji. Asubuhi yake milango yote ina vidoti vyeusi kama imenyunyiziwa pilipili manga. Yale manyoya madogo ya chuma yalibaki kwenye mirija, vanishi ya maji ikayapa maji, tanini ikamalizia kazi. Tulirudia milango yote kwa gharama yetu, na toka siku hiyo stilwulu haiingii kwenye meza ya redi oki, tunatumia zile sponji za plastiki za kusugulia. Misumari na skrubu ni hivyo hivyo, za chuma kitupu hapana.

Haya, rangi. Redi oki ina uwaridi fulani, kahawia inayoelekea pinki kwa mbali, na sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe zaidi. Watu wengi siku hizi wanakuja na picha ya simu, meza ya rangi ya mchanga au kijivu kilichopauka, wanasema nataka hii kwa redi oki. Inawezekana, ila ule uwaridi utakuwa unachungulia tu, hasa mchana kwenye mwanga, na tutakuwa tunapigana nao kwa rangi juu ya rangi. Ukiniuliza mimi nakwambia nunua mwaloni mweupe, uachane na vita. Redi oki inapendeza ikiachwa iwe yenyewe, au ipelekwe kwenye kahawia za joto joto.

Ukitaka nyeusi au kahawia iliyokolea sana pia tuongee kwanza, kwa sababu mirija inakunywa rangi zaidi kuliko sehemu iliyobana iliyoko katikati yake, kwa hiyo badala ya kupata meza nyeusi unapata pundamilia. Kuna wanaoipenda hiyo, inaonyesha mbao ina uhai. Wasioipenda tunaziba mirija kwanza kwa fila, au tunatumia rangi nzito ya jeli ambayo haizami sana. Fila ikipakwa vizuri meza inakuwa kama kioo, ila ni kazi ya kupaka, kukwangua, kusubiri, kupaka tena, kwa hiyo usishangae siku zikiongezeka. Vanishi ya mafuta itaifanya iwe ya njano njano na itaendelea kuongezeka na miaka, ya maji inabaki karibu na rangi ya asili lakini inasimamisha vinyweleo vya mbao kwenye koti la kwanza, unapitisha msasa laini kidogo sana na mkono mwepesi.

Kitu ambacho karibu hakuna mteja anauliza, na mimi naona ndo swali la kwanza, ni vinia imekatwaje. Gogo lile lile linaweza kukupa sura nne ambazo ukiziweka pamoja utaapa ni miti minne. Likichanwa bapa unapata ile michoro ya vilele, kama miali ya moto imepangwa moja juu ya nyingine, hiyo ndo watu wengi wakisikia oki wanaiwaza. Likigawanywa robo robo kabla ya kuchanwa mistari inanyooka na juu yake yanatokea mabaka madogo yanayong'aa ukitembea pembeni ya meza, kwenye mwekundu huwa ni mafupi kuliko kwenye mweupe. Likichanwa kwa kupinda pembe kidogo yale mabaka yanapotea unabaki na mistari mitupu iliyonyooka, kwa milango ya jikoni mimi naipenda hiyo kuliko zote kwa sababu milango kumi inafanana. Na likimenywa kwa kuzungushwa, kama unavyomenya chungwa ganda lisikatike, unapata shiti pana sana lakini michoro inatapakaa ovyo, ndo ile ya plaiwudi za bei nafuu. Ndani ya kabati haina shida. Usoni, mimi hapana.

Shiti zikitoka kwenye kisu zinawekwa kwa mpangilio zilivyotoka, kwa hiyo mbili zinazofuatana ni kama mapacha. Ukizifungua kama kitabu unapata picha na kivuli chake, inapendeza sana kwenye mlango mpana. Lakini angalia: moja inakuwa imegeuzwa, mgongo umekuwa uso, na mgongo ni upande uliovutwa vutwa na kisu, kwa hiyo unakunywa rangi tofauti kidogo na unaakisi mwanga tofauti. Ukisimama pembeni unaona utepe mwepesi, utepe mzito, utepe mwepesi. Sio ufundi mbaya huo. Asiyeutaka tunampangia zote uso juu, zinasukumwa tu pembeni bila kugeuzwa.

Kuhusu ugumu huwa naona watu wananukuu namba, kwamba redi oki ni 1290 kwenye kipimo cha Janka na mweupe ni 1360. Ni kweli kwa mbao nzima. Kwa vinia namba hiyo haikusaidii kitu, ukiangusha nyundo kinachobonyea ni kilichoko chini, kwa hiyo uliza MDF au plaiwudi ni ya aina gani kabla hujauliza ugumu wa ngozi. Na uliza pia kama upande wa chini nao umebandikwa vinia, hata ya bei rahisi. Ukibandika upande mmoja tu, unyevu ukibadilika upande huo unavuta, mwingine hauvuti, na meza inapinda kama mtumbwi. Akikwambia mtu kuacha chini wazi ni kukuokolea hela, hiyo hela utaitoa baadaye.

Gundi: kwa vinia isiyo na karatasi mgongoni sisi hatutumii kontakti, ile ya kupaka pande mbili na kusubiri ikauke. Inashika vizuri siku ile, ila thina ya vanishi inapita kwenye mirija (mirija tena) inailainisha, na baada ya muda unaona mapovu. Gundi nyeupe na kubana na klampu na mbao nzito usiku kucha ni kazi zaidi lakini hairudi karakana.

Nje ya nyumba usiweke. Bafuni karibu na bomba usiweke. Huu mti ukikaa na maji unaoza kweli, hapo ndo ile simu ya kwanza ingekuwa na haki. Milango ya ndani, kabati, mbao za kichwani mwa kitanda, rafu, meza ya kazi, huko kote iko vizuri.

Ukija kuagiza usituletee picha ya simu peke yake maana kila simu ina rangi zake. Tutakukatia kipande cha vinia ile ile itakayotumika, tukipake rangi na vanishi ile ile makoti yote, uende nacho. Kiweke pale pale meza itakapokaa, kitazame asubuhi, kitazame na usiku taa zikiwaka, kimwagie maji kidogo ufute, alafu ndo utupigie tuanze kukata.