Mtihani wa udaktari umwone mwanafunzi akivuta insulini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyowapima vijana wanaosomea udaktari hapa Dar es Salaam, hasa upande wa kisukari. Baada ya miaka mitano chuoni kijana anakuwa daktari tarajali, na usiku wake wa kwanza wodini Temeke au Amana anaweza kupokea mgonjwa wa insulini aliyeishiwa sukari mwilini. Maswali ya kuchagua jibu hayaonyeshi kama mikono yake inaijua kazi hiyo.

Aliyelishughulikia tatizo hili ni Ronald Harden, daktari bingwa wa homoni aliyeanzia Glasgow, kisha akahamia Dundee na kujikita katika ufundishaji wa madaktari. Mwaka 1975 yeye na wenzake walichapisha utaratibu wa mtihani wa vituo: wanafunzi wote wanapita kazi zilezile, na mtahini anatoa alama kwa orodha iliyoandaliwa mapema. Kabla ya hapo mmoja aliangukia mgonjwa rahisi na mtahini mpole, mwenzake akakosa vyote viwili.

Mtihani huu si mgeni kwetu. Ninachoomba ni vituo vya kisukari vifike mpaka anapohangaika mgonjwa. Chukua kituo cha insulini. Mwanafunzi apewe kichupa cha insulini mchanganyiko, ile ya rangi ya maziwa, na bomba la sindano la uniti 100. Asome jina na tarehe, akibingirishe kichupa viganjani taratibu kama mara 10 bila kukitikisa, aingize hewa sawa na dozi, ndipo avute dawa na kuondoa mapovu. Dawa isipochanganyika, dozi ya leo inakuwa hafifu na ya kesho kali, hata kama uniti ni zilezile.

Kisha apapase tumbo la mgonjwa. Hatua hii inarukwa mno, nami naiona kubwa kuliko zote. Anayejidunga palepale kila siku hupata uvimbe laini chini ya ngozi. Anaupenda kwa sababu haumuumi, lakini insulini haifyonzwi vizuri pale. Sukari inapanda, daktari anaongeza dozi, na siku mgonjwa anapohamia ngozi isiyo na uvimbe dozi hiyo kubwa inamwangusha.

Aulize pia dawa inatunzwa wapi. Kichupa kipya hukaa nyuzi 2 hadi 8 bila kuganda. Kilichofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 30. Chumba cha bati mwezi Februari kinapita hapo, kwa hiyo asiye na friji aelekezwe chungu kilichowekwa ndani ya kingine, katikati mchanga unaolowanishwa, kivulini penye upepo. Dawa iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kituo cha sukari kushuka ni kifupi. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, mgonjwa anayemeza vizuri apewe gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, halafu ale. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni. Glukosi ipite mshipani. Kwenye miguu, mgonjwa afumbe macho, uzi wa gramu 10 wa kupima kama ngozi inahisi ubonyezwe mpaka upinde, pasiguswe penye sugu, na katikati ya vidole pakaguliwe.

Mtihani wenyewe nao huharibika. Orodha ikiwa na vipengele vingi vidogo, kijana anayetamka "nanawa mikono, najitambulisha" anakusanya alama kabla hajamgusa mgonjwa. Watahini wakae pamoja mapema, wamwangalie mwanafunzi mmoja, kila mtu atoe alama yake, wajadili walipotofautiana. Na pawepo kosa moja linaloangusha kituo kizima: kuchukua bomba la kawaida la mililita badala ya lile la uniti, kisha kukosea hesabu. Uniti 10 ni mililita 0.1, anayevuta mililita 1 amevuta uniti 100. Huyo arudi maabara ya mazoezi, afundishwe, apimwe tena kabla ya kupangiwa hospitali.

Mwalimu wa tiba,
Upanga, Dar es Salaam